SOMO LA WANAKWAYA NA VIJANA: TUCHAGUE PROGRAMU GANI KWA AJILI YA NGOMA ZETU?

Masomo ya kusoma kwanza: Zaburi 137, Zaburi 150, 2 Samweli 24:18-25, 1 Nyakati 25:1-8.



Mwezi huu tunapenda kujibu swali ambalo vijana wa kwaya wametuuliza mara nyingi: "Tumepata kompyuta ya kanisa, na tunataka kurekodi nyimbo zetu. Tutumie programu gani ili kutia ngoma?"

Labda mmoja wenu atasema kwamba hilo ni jambo la mafundi, si somo la kanisa. Sisi tunaona ni somo la kanisa kabisa, kwa sababu mbili. Ya kwanza, programu nyingi za muziki zinazozunguka kambini zimeibwa, na wanaozitumia wanamwimbia Mungu kwa hizo. Ya pili, watoto wetu waliozaliwa ukimbizini wanajua mdundo wa kinanda tu, ule unaowashwa kwa kidole kimoja na ambao ulipangwa kiwandani mbali na hapa. Ngoma ya Fizi, ya Uvira, ya Masisi au ya Bunia hawaijui. Wazee wanaoijua wanazeeka, na tunawazika mmoja baada ya mwingine.

Zaburi ya 137 inatueleza habari za watu waliohamishwa Babeli. Walitundika vinubi vyao mitini, wakaona ni vigumu kuimba katika nchi ya ugeni. Wengi wetu hata nafasi ya kutundika hatukuipata. Siku ya kukimbia tulibeba watoto, sufuria na godoro, na ngoma zikabaki. Lakini mikono inayozijua ilikuja pamoja nasi. Basi somo hili linahusu jinsi ya kuhifadhi kazi ya mikono hiyo kabla haijanyamaza.

1. MANENO MAWILI YA KUELEWA: SAMPULI NA MIDI

Mwanakwaya yeyote anajua karatasi ya solfa. Karatasi ile haina sauti. Inasema tu: imba "do" hapa, shikilia, pumzika, panda "sol". Sauti inatoka kwa mwimbaji. Karatasi moja wakipewa akina mama wa kwaya hii na vijana wa kwaya ile, wimbo ni mmoja lakini sauti ni mbili.

MIDI ni kama karatasi ya solfa ya kompyuta. Ilianza mwaka 1983 ili vinanda vya makampuni mbalimbali viweze kuelewana. Ujumbe wa MIDI unasema: noti fulani imepigwa, kwa nguvu kiasi fulani, kwenye chaneli fulani. Chaneli ni 16. Namba za noti zinaanzia 0 mpaka 127, na nguvu ya pigo pia huhesabiwa mpaka 127. Katika utaratibu unaofuatwa na vinanda vingi, uliokubaliwa mwaka 1991, chaneli ya 10 ni ya ngoma. Hapo noti 36 ni ngoma kubwa ya mguu, 38 ni ngoma ndogo yenye mlio wa kukwaruza, na 42 ni tasa lililofungwa.

Sampuli ni sauti yenyewe, yaani pigo moja la ngoma halisi lililorekodiwa na kuwekwa katika faili. MIDI inasema "piga sasa, kwa nguvu hii", nayo programu inachukua sampuli inayofaa na kuilia.

Tazameni tofauti ya uzito wake. Sauti iliyorekodiwa kwa ubora wa CD inachukua karibu MB 10 kwa kila dakika. Faili la MIDI la wimbo mzima kwa kawaida ni KB chache tu.

Kutokana na hayo tunapata neno kuu la somo hili: PROGRAMU SI NGOMA. Programu ni mpigaji anayesoma karatasi. Ukimpa sauti za kigeni, atapiga ugeni kwa bidii sana. Ukimpa sauti za ngoma ya mzee wa hapa kwetu, atapiga hiyo. Kwa hiyo anayechagua programu aulize kwanza: je, inakubali sauti zetu wenyewe?

2. KWA NINI TUNASHAURI LINUX?

Tuungame kwanza kosa letu. Sisi pia tulianza kwa kununua nakala ya wizi ya programu maarufu ya kulipia. Tuliinunua mjini kwa bei ya soda mbili, ikiwa kwenye flashi. Ilifunguka vizuri, tukashangilia. Baada ya wiki chache kompyuta ilijaa virusi na tukapoteza nyimbo zote tulizokuwa tumezipanga. Hasara hiyo iliuma, lakini mzee mmoja wa kanisa alituuliza swali lililouma zaidi: "Kama mngeimba na ngoma iliyoibwa kwa jirani, mngesema Mungu ameipokea?"

Amri za Mungu zinakataza wizi, wala hazisemi kwamba mkimbizi ameruhusiwa kwa kuwa ni maskini. Tena katika 2 Samweli 24, Arauna alitaka kumpa mfalme Daudi uwanja, ng'ombe na kuni bure. Daudi alikataa kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu kitu, akanunua.

Sasa mtu atauliza: Linux si bure pia? Ndiyo, hatuilipii fedha. Lakini kuna tofauti kati ya kitu kilichoibwa na kitu kilichotolewa. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Finland. Yeye na maelfu ya watu baada yake wameitoa kazi yao chini ya leseni inayomruhusu kila mtu kuitumia, kuinakili, kumgawia jirani na hata kuibadilisha. Ukimpa ndugu yako wa kambi nyingine nakala, hujavunja sheria yoyote. Umefanya kile hasa ambacho watengenezaji walitaka ufanye. Na gharama yetu, ile ambayo Daudi hakuikwepa, ni uvumilivu wa kujifunza na kazi ya kurekodi ngoma zetu wenyewe.

Kuna faida nyingine pia. Virusi vingi vinavyosambaa kwa flashi vimetengenezwa kwa ajili ya Windows, navyo havisumbui Linux. Na kompyuta iliyotumika miaka mingi mara nyingi inafufuka ikiwekewa Linux nyepesi.

Ipo Linux iliyoandaliwa tayari kwa kazi ya muziki, inaitwa Ubuntu Studio, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2007. Ni kubwa, hivyo andaeni flashi ya GB 16 na mumwombe mwenye mtandao mzuri awapakulie mara moja, kisha mgawane. Angalizo: kompyuta za zamani sana za biti 32 haziwezi kupokea matoleo yake mapya. Kabla ya kununua kompyuta iliyotumika, ulizeni kama ni ya biti 64.

3. MASWALI MATANO KABLA YA KUCHAGUA

Msichague programu kwa sababu mnaisikia ikisifiwa. Iulizeni maswali haya:

(a) Je, ni halali kwetu kuitumia na kuigawa?
(b) Je, kompyuta tuliyo nayo inaiweza, na umeme wa sola tulio nao unatosha?
(c) Je, inakubali sampuli tulizorekodi wenyewe?
(d) Je, inaweza kuhesabu mdundo wa 6/8, au inajua 4/4 peke yake?
(e) Je, kazi yetu inaweza kutoka humo kama WAV au MIDI, ili isifungiwe ndani ya programu moja?

4. PROGRAMU NNE TULIZOZIPIMA

AUDACITY. Hii ilitoka mwaka 2000 na inajulikana sana. Ni ya kurekodi, kukata na kusafisha sauti. Si mpiga ngoma, wala haikuundwa kwa ajili ya kupanga MIDI. Lakini hatuwezi kuikosa, kwa sababu ndiyo kisu cha kukatia sampuli.

HYDROGEN. Hii ni programu ya ngoma hasa. Ilianzishwa na Mwitaliano Alessandro Cominu, na wengine wakaiendeleza. Mnaona orodha ya ngoma upande wa kushoto na mistari ya vyumba upande wa kulia. Mkibonyeza chumba, pigo linaingia. Mnatengeneza vipande vifupi (kipande cha ubeti, cha kiitikio, cha kuingilia), kisha mnavipanga kuwa wimbo mzima. Inapokea sampuli zetu, inapokea kinanda cha MIDI, na inatoa kazi kama WAV au MIDI. Haili nguvu nyingi ya kompyuta. Upungufu wake: hairekodi waimbaji, wala haikukusudiwa kwa gitaa na beesi.

LMMS. Hii inaweka ngoma, beesi na kinanda mahali pamoja, na kijana aliyezoea programu za kulipia ataielewa haraka. Inakubali sampuli. Lakini haikuundwa kwa kurekodi kwaya kwa maikrofoni. Inafaa kwa anayetaka kupanga ala zote kwa kompyuta.

ARDOUR. Hii ni studio kamili, iliyoanzishwa na Paul Davis. Inarekodi sauti nyingi kwa mistari tofauti na MIDI pamoja nazo. Nakala iliyo tayari kwenye tovuti yao huombewa malipo, lakini ile iliyomo katika hazina za Ubuntu Studio ni bure na halali. Inataka kompyuta yenye nguvu zaidi na mtu aliyekwisha kujifunza. Tusianze nayo.

USHAURI WETU: anzeni na Hydrogen pamoja na Audacity. Pangeni ngoma katika Hydrogen, toeni WAV, ifungueni katika Audacity, kisha kwaya iimbe juu yake huku kiongozi akisikiliza ngoma kwa vifaa vya masikioni vya waya. Vile visivyo na waya huchelewesha sauti na kuharibu mdundo. Mkishazoea kwa miezi kadhaa, mtahamia Ardour bila hofu, na mafaili yenu ya WAV na MIDI mtakwenda nayo.

5. JINSI YA KUREKODI NGOMA YA MZEE

Kwanza, ombeni ruhusa. Mwelezeni mzee kazi hii ni ya nini na nani atapewa. Akikubali, andikeni jina lake, kijiji alikotoka na jina la mdundo, na maandishi hayo yakae pamoja na sauti siku zote. Akisema mdundo fulani ni wa msiba au wa mila isiyofaa kuletwa kanisani, msikilizeni. Yeye anaujua kuliko sisi.

Pili, chagueni saa ya utulivu, alfajiri kabla ya mashine ya kusaga na jenereta kuanza. Ingieni katika chumba kidogo na kuzungusha magodoro na mablanketi ukutani ili sauti isirudi. Bati huleta mwangwi, na mvua juu ya bati ndiyo mwisho wa kazi.

Tatu, wekeni maikrofoni au simu umbali wa hatua moja kutoka kwenye ngoma. Jaribuni pigo kubwa kwanza. Sauti ikipasuka, sogezeni simu nyuma. Simu ikihifadhi kwa aina nyingine ya faili, igeuzeni kuwa WAV katika Audacity.

Nne, mzee apige sauti moja moja na kuiacha ife yenyewe kabla ya kupiga nyingine. Tunashauri sauti tano: katikati ya ngozi, pembeni, kofi, pigo la kuzibwa kwa mkono, na fimbo kwenye ubao. Kila moja apige kwa nguvu tatu: polepole, kati na kwa nguvu.

Tano, mwishoni mwacheni apige mdundo wake mzima kwa dakika tano bila kumkatiza, na mrekodi. Huo ndio mtakaoufuata mtakapopanga, na hata programu ikipotea, huo utabaki.

Sita, katika Audacity kateni kila pigo peke yake. Kateni karibu kabisa na mwanzo wa sauti. Mkiacha kimya kidogo mbele, pigo litakuwa linachelewa kila mara, na mtadhani kompyuta ni mbovu.

Sauti tano kwa nguvu tatu ni mafaili 15. Kila moja likiwa la sekunde mbili, kwa upande mmoja, biti 16 na 44100 kwa sekunde, yote pamoja hayafiki hata MB 3. Ngoma nzima ya mzee inaingia katika simu ndogo na nafasi inabaki.

6. KUZIWEKA NDANI YA HYDROGEN

Tengenezeni seti mpya, na kila sauti ya ngoma iwe chombo kimoja. Ndani ya chombo wekeni sampuli tatu kwa tabaka: la polepole lishike nguvu za chini, la kati zifuate, la nguvu zishike za juu. Hapo kompyuta haitapandisha tu sauti moja, bali itachagua pigo lililo tofauti kweli, kama mkono unavyofanya.

Midundo yetu mingi inatembea kwa tatu tatu. Kipande kipya katika Hydrogen huja na 4/4. Badilisheni ukubwa wake uwe 6/8 au 12/8 kabla ya kuanza. Wengi wameshindwa hapa, wakalazimisha mdundo wa nyumbani kuingia katika vyumba visivyo vyake, na wazee wakasema, "Hii siyo." Wazee walikuwa na haki.

Msijaze kila chumba kwa nguvu moja. Sikilizeni ile rekodi ya dakika tano na mfuate pale mzee anapolegeza na pale anapokaza.

Mkiwa na kinanda chenye tundu la USB, kwa kawaida Linux inakitambua bila kuwekewa kitu, na mnaweza kupiga ngoma kwa vidole. Sauti ikichelewa baada ya kidole, punguzeni bafa, yaani akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa. Bafa ya 1024 huchelewesha karibu milisekunde 23. Ya 256 karibu milisekunde 6. Mkisikia mikwaruzo, mmepunguza kupita uwezo wa kompyuta. Ongezeni kidogo.

7. MAONYO MATATU

La kwanza: kompyuta isimfukuze mpiga ngoma. Siku ya ibada, mwenye mikono na apige. Zaburi ya 150 inaita matari, matoazi na kila chenye pumzi, na kompyuta haina pumzi. Tunaitumia kwa kurekodi, kwa kufundishia na kwa mazoezi. Tena sola ikikata, ngoma ya ngozi haikatiki.

La pili: kazi hii isibaki kwa kijana mmoja. Katika 1 Nyakati 25 waimbaji waliofundishwa walikuwa 288, na kura ilipigwa kwa mwalimu na mwanafunzi sawasawa. Kila kwaya ichague watu wawili au watatu, na wasichana wawemo.

La tatu: wekeni nakala tatu, mahali patatu. Moja katika kompyuta, moja katika flashi ya kanisa, moja kwa mzee au familia yake. Familia inapoitwa kwenda Canada au Australia, ipewe nakala pia. Uzito wa mizigo ya ndege unahesabiwa, na ngoma haitapanda. Lakini mtoto atakayekulia huko ataweza kusikia mkono wa babu yake, na jina la babu litakuwa limeandikwa hapo.

Wapendwa, hatujui ni lini tutarudi nyumbani, wala ni nani kati yetu atarudi. Bwana ndiye ajuaye. Lakini mzee aliye nyumba ya tatu kutoka kwako, mwenye ngoma au mwenye mikono isiyo na ngoma, unamjua. Mtembelee wiki hii, kabla hata ya kutafuta programu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, kuna programu au nyimbo katika simu na kompyuta zetu ambazo hatukupewa ruhusa kuzinakili? Tutafanya nini nazo?
2. Katika kanisa letu ni nani anayejua midundo ya nyumbani? Ni nani atakayekwenda kuzungumza naye?
3. Watu waliotoka sehemu mbalimbali wana midundo mbalimbali. Tutapangaje ili kila mmoja asikie ya kwao ibadani, bila kushindana?
4. Wazazi: mara ya mwisho mlimfundisha mtoto wenu mdundo au wimbo wa nyumbani ilikuwa lini?

TUOMBE

Bwana Mungu wetu, uliyesikia kilio chetu njiani, pokea na ngoma zetu. Wape wazee wetu nguvu ya kufundisha, na vijana wetu uvumilivu wa kujifunza. Utuepushe na kukusifu kwa kitu cha wizi. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.

Mbarikiwe nyote.